Sufuria Nisilolisamehe

Assalaam alaykum mama zangu na wadogo zangu. Na nyie majirani zetu Wakristo mliokuja leo, karibuni, mkeka huu ni wenu. Wakubwa wangu shikamooni. Mwenyekiti kanambia nizungumze dakika kumi. Nimemwambia dakika kumi mie nnazimaliza kwa kukaa kitako tu, basi mnivumilie.

Majina sitaji. Mwenye duka aliyeniuzia sufuria ni mtu wa watu, na jamaa zake nnawaona wamo humu ndani. Kaeni, jamani, msinitizame hivyo. Hakuna atakayetiwa aibu leo ila mie mwenyewe.

Wengi mnanijua kwa maharage. Miaka na miaka nimeuza chakula cha asubuhi hapa hapa Kiembe Samaki, barazani kwangu. Maharage ya nazi, mbatata, chapati, chai ya maziwa. Wafanyakazi wa uwanja wa ndege walikuwa wakishuka zamu wanapita kwangu kwanza ndipo waende kwa wake zao. Lakini maharage yanataka moto wa muda mrefu, na moshi wa mkaa ulishanikaa kifuani. Shoga yangu mmoja akanicheka: "Wewe bado unapuliza mkaa? Kuna masufuria ya presha ya umeme siku hizi, hujamaliza kukuna nazi maharage yashaiva."

Nikenda mjini, duka la vyombo, nikanunua mawili. Moja langu. La pili la mwanangu, maana alikuwa karibu kuolewa na mimi nilikuwa bado nnamkusanyia vyombo. Mnajua wenyewe mambo yetu, bibi harusi akienda kwa mume na kabati tupu, maneno yake hayeshi mpaka ana wajukuu. Mwenye duka akanionesha kwa mkono wake: "Bi, unabonyeza hapa. Taa ikiwaka, linapika. Taa ikizima, fungua ule." Kitabu chake kilikuwamo ndani ya boksi, kimeandikwa lugha mbili na zote mbili si yangu. Basi mimi nikashika yale ya dukani. Taa ikizima, fungua ule.

Nisiseme uongo, mwanzo nilifurahi. Kikohozi kikaondoka. Nikawa napata hata usingizi baada ya sala ya alfajiri. Nilikuwa nikilisifu lile sufuria mbele za watu, na wawili watatu nikawatuma wakanunue. Mungu anisamehe kwa hilo.

Siku yenyewe ilikuwa siku ya kawaida. Jua lishatoka, wateja washakaa barazani wanazungumza mpira, chapati zimo kwenye hotipoti. Sufuria linapika. Umeme ukakatika. Sasa, ndugu zangu, nani Unguja hii anashituka umeme ukikatika? Nikatizama sufuria, taa imezima. Nikasema haya, muda wenyewe ulishatosha, yashaiva haya. Nikashika mpini wa kifuniko nikazungusha. Hakikukataa. Nnakwambieni hakikukataa hata kidogo, kilizunguka kama kifuniko cha kopo la sukari.

Yaliyofuata sitakuelezeni yote, wengine hamjala. Niseme hivi tu, maharage si maji. Maji ya moto yanakumwagikia yakapita, maharage yananata. Yalinishika mkono wa kulia wote, shingo, na hapa kifuani. Nilisikia mtu anapiga makelele nikawa nnajiuliza, masikini, nani huyo kafikwa na nini.

Hospitali nilikaa siku nyingi. Madaktari walinitoa ngozi ya paja wakaibandika mkononi. Nikawaambia wauguzi: "Paja hili hakuna aliyeliona ila marehemu mume wangu, leo nyinyi mnalihamishia mkononi kila mtu alione!" Wakacheka, na mimi nikacheka, halafu wakibadilisha bendeji nalia kama mtoto. Ndivyo nilivyokuwa, kicheko asubuhi, kilio mchana.

Na nilipokuwa hospitali ndipo yalipofanyika makosa mawili, na yote mawili tuliyafanya kwa nia njema.

La kwanza la dada yangu, mkubwa wangu, yule pale amekaa ukutani anajifanya hanisikii. Alikwenda kunisafishia nyumba. Akalikuta sufuria limelala chini, kifuniko kimepinda. Akaliita gari la vyuma chakavu, akampa mtu bure achukue. Akasema chombo kilichomuunguza mtu hakikai ndani, kina mkosi. Sikumlaumu. Na mimi ningelitoa. Nani kati yetu angekiweka kabatini kitu kama kile akakitizama kila siku?

La pili langu. Mwenye duka alisikia, akaja kunikagua, yeye na mkewe, na fuko la machungwa. Akakaa kwenye kiti cha plastiki, akanitizama, machozi yakamtoka. Akasema: "Bi mkubwa, niwie radhi." Mimi nimefungwa bendeji mpaka kidevuni, nikasema kwa sauti kila mtu asikie: "Nshakusamehe, ya dunia na ya akhera. Ni kadari ya Mungu." Wodi nzima ikaitikia amin. Na nilisema kwa moyo, wallahi. Mtu akikuombeni radhi na nyie mko kitandani hamjui kama mtaamka kesho, mtasema nini jengine?

Nikarudi nyumbani. Mkono haukunjuki vizuri, vidole viwili vimekataa kabisa. Wakaja watu kunipa pole, na uji, na matunda, Mungu awalipe. Lakini kila anayekuja lazima aseme. "Ah, Bi, na wewe ulifungua mapema." "Haraka haraka haina baraka." "Ungengoja kidogo tu." Wanasema kwa mapenzi, wanakupigapiga bega hivi. Baada ya muda na mimi nikawa nnasema vile vile kabla hawajasema wao. Mtu hajakaa vizuri, nshamwambia: uzembe wangu, shoga, haraka zangu.

Hapo ndipo nilipoanguka kweli, si siku ile ya maharage. Baraza nililifunga. Jikoni kwangu nikawa siingii, dada yangu ananiletea chakula kwenye bakuli limefunikwa, mimi niliyelisha mtaa mzima. Mkono nikauficha ndani ya buibui. Harusi siendi. Msibani nikienda nnakaa karibu na mlango niwe wa mwanzo kutoka. Nilikuwa nnaona haya, ndugu zangu. Maumivu yanapoa, haya haipoi. Nilijiona mpishi niliyeshindwa na sufuria, na kila nikisali namwomba Mungu anisamehe haraka yangu. Mwaka mzima ulipita hivyo.

Sasa sikilizeni. Mwanangu anaishi Fumba na mumewe. Vyombo vyake vya harusi, kama vyenu na vyangu, viko kabatini na juu ya kabati. Vile vizuri havitumiki. Vinangoja wageni. Mimi mwenyewe nina seti ya vikombe tangu nilipoolewa haijawahi kuona chai. Basi na lile sufuria la pili lilikuwa juu ya kabati, ndani ya boksi lake, halijaguswa.

Siku moja asubuhi akanipigia simu, ana furaha. "Mama, leo wakwe zangu wanakuja mchana kwa mara ya mwanzo tangu tuhamie. Nnaliteremsha lile sufuria lako. Nawapikia maharage kama yako." Halafu akacheka: "Usiogope, mimi sina haraka kama wewe, nitangoja."

Nilipiga ukelele mpaka dada yangu akaja mbio kutoka uwani. "Usilichomeke! Mwanangu, nnakuomba kwa Mungu, usilichomeke kwenye umeme!"

Akaniuliza taratibu: "Mama. Si ulisema kosa lilikuwa lako?"

Nimesimama na simu sikioni. Na alikuwa na haki ya kuuliza. Kama kosa lilikuwa langu, sufuria lake lina nini? Kama sufuria ni zima, mimi nnapiga kelele za nini? Mwaka mzima ulimi wangu ulikuwa ukisema jambo moja, na moyo wangu unajua jengine. Na kwa ule ulimi wangu, kwa kuona haya tu, nilimwacha mwanangu akae na kile kitu juu ya kabati lake. Nikaufikiria uso wake mbele ya ule mvuke. Jamani.

Nikenda Fumba siku ile ile. Maharage tulipika kwa mkaa, wakwe wakala wakasifu. Walipoondoka, mwanangu akaliteremsha boksi akaliweka baina yetu. Ndani yake kila kitu kimo, kitabu, risiti, hata plastiki zake. Akasema: "Mama, lako limekwenda na vyuma chakavu, lakini hili ni pacha wake. Twende kwa wanaojua sheria."

Nilimwambia niache, nshasamehe, na nani atanisikiliza? Hakuniacha. Kaichukua wapi hiyo tabia mnajua wenyewe.

Mjini kuna kituo cha msaada wa sheria, hulipi. Tukaingia, akatupokea msichana mdogo, miwani, mtandio umekaa upande. Nikamuuliza wakili yuko wapi. Akasema, "Ni mimi, Bi." Nikaona makubwa haya, lakini nikakaa. Nikamhadithia. Nikaanza kama nilivyozoea, uzembe wangu, haraka zangu. Akaweka kalamu chini. Akaniuliza: "Bi, ulipozungusha kifuniko, kilikataa?"

Nikamwambia hakikukataa.

Ndugu zangu, mwaka mzima watu wameniuliza kwa nini nilifungua. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini kilifunguka. Nililia pale mbele ya yule mtoto mpaka akanipa ncha ya mtandio wake nijifute, kwani karatasi zilimwishia.

Akanifahamisha kwa maneno ambayo hata mimi niliyeishia darasa la saba niliyashika. Mwanadamu anasahau, ana haraka, ana wateja, umeme unakatika. Anayebuni sufuria anayajua yote hayo kabla hujazaliwa. Sufuria la presha lililobuniwa vizuri, mvuke ukiwamo ndani, kifuniko chake kinajifunga, hata ukikivuta kwa hasira hakitoki. Kama kinatoka, kosa ni la aliyelibuni na aliyelileta kuliuza. Si la mpishi.

Madai yakafunguliwa dhidi ya duka na yule aliyeyaingiza masufuria nchini. Wao wakajibu sisi hatuna ushahidi, sufuria lililoniunguza halipo. Kweli halipo. Basi lile la mwanangu likapelekwa kwa watu wanaopima ubora wa bidhaa, na wakili akaenda na la pili, la nyumbani kwao, la kampuni nyengine, akaliweka pembeni. Mimi nilisimama nje, dirishani. Wakayatia maji yote mawili, wakayachemsha, mvuke ukajaa, wakazima umeme kama ulivyokatika kwangu. Wakafunga fimbo ndefu kwenye mpini, wakajificha nyuma ya ubao. La nyumbani kwa wakili wakalivuta, likakataa, wakalivuta tena, fimbo ikavunjika. Wakaleta fimbo nyengine. La mwanangu walilivuta mara moja. Mlio ule niliutambua kabla sijauona mvuke. Nikakaa chini pale pale kwenye saruji. Mwanangu alikuwa kanishika, na yeye kaogopa kuliko mimi, maana juu ya kabati lile hulaza nguo za mtoto anayemtarajia.

Mngedhani yamekwisha. Hayajakwisha. Tukaitwa kikao cha usuluhishi mahakamani. Mwenye duka akainuka, kwa adabu, akasema: "Mheshimiwa, mimi na Bi mkubwa hatuna neno. Alinisamehe hospitali, ya dunia na ya akhera, mbele ya wodi nzima. Mashahidi nimekuja nao." Akaniangalia: "Ulisema, hukusema?"

Nikasema nilisema.

Kikao kikaakhirishwa mpaka wiki ya pili, na ile wiki ilikuwa ngumu kuliko ya hospitali. Dada yangu akaniambia wazi: "Ukisamehe ushasamehe. Unataka kwenda kwa Mola wako umelitafuna neno lako?" Na mimi, nnakwambieni ukweli, niliogopa. Wakili akasema msamaha wa kitandani hauondoi dai kisheria, karatasi sikutia sahihi. Lakini sheria haikunitoa hofu yangu. Nilikuwa tayari kufuta kesi. Nikatoka nikakaa barazani kwangu, baraza tupu, mara ya kwanza tangu siku ile. Wakapita wanawake wawili wa mtaani na vikapu vya sokoni, wakanisalimia. Mmoja ni katika wale niliowatuma mimi wakanunue. Nikamuuliza, "Sufuria lako bado unalo?" Akasema, "Nnalo, Bi, kila siku nalitumia, ahsante kwa kunionesha." Nilikwenda naye mpaka kwake nikalichomoa. Na hapo hofu yangu ikajua pa kwenda.

Siku ya kikao nikaomba nizungumze mwenyewe. Nikamgeukia mwenye duka. "Mwanangu," nikamwambia, "masufuria mangapi yamebaki dukani kwako?"

Akasema yapo, bado yapo.

"Na uliyokwisha kuyauza?"

Akageuka kuwatizama mashahidi wake.

Nikautoa mkono wangu ndani ya buibui nikauweka juu ya meza. Mara ya mwanzo mbele za watu. Nikasema: "Huu ni mkono wangu, na mimi nimekusamehe kwa huu. Sirudi nyuma. Lakini mikono ya wenzangu si yangu, siwezi kukusamehe wewe kwa mikono ambayo bado haijaungua. Wewe nimekusamehe. Sufuria sikulisamehe."

Yule bwana akautizama mkono wangu. Halafu akaomba ruhusa, akatoa simu, pale pale akampigia mtu wake: "Yale masufuria ya presha, yateremshe yote. Yote. Hata la kwenye kioo." Akarudi kukaa, akafuta uso. Baada ya hapo yule muingizaji na wakili wake wakabaki peke yao, na walipoona majibu ya upimaji wakakubali. Matibabu yangu wamelipa, na mazoezi ya mkono, na hasara ya baraza langu. Tangazo limesomwa redioni na misikitini. Masufuria yanarudishwa dukani na mtu anarejeshewa chake.

Baraza nimelifungua. Napika kwa mkaa, nakohoa, nishapigwa marufuku na mwanangu na sisikii. Vidole viwili bado vimekataa. Chapati nazisukuma kwa vilivyobaki, na mwenye kusema si za mviringo ajipikie.

Nimshukuru Mungu kwanza. Nimshukuru mwanangu aliyeniuliza suali moja la kweli. Yule wakili, mwenye miwani, popote alipo leo, Mungu amtilie nuru. Dada yangu aliyenilisha mwaka mzima na kuninyima usingizi wiki nzima, yote mapenzi. Na nimshukuru mwenye duka, msishangae, kwani angeweza kung'ang'ania na hakung'ang'ania. Nyinyi nyote mlioniletea uji, ahsanteni. Ila siku nyengine mkimwendea aliyeumia, mleteeni uji na muache yale maneno ya haraka haraka. Mwulizeni kimetokea nini. Na chombo kikimwumiza mtu msikitupe, kiwekeni na boksi lake na risiti yake. Kusamehe sameheni, ni jambo jema, lakini kila mtu na chake.

Nimalize na hili, maana linanikosesha raha. Lile tangazo limesomwa, lakini walioyarudisha wachache. Najua mengine yako wapi. Yako juu ya makabati, ndani ya maboksi, yanangoja wageni. Sufuria lenyewe jekundu, mpini mweusi, taa moja mbele. Nnakuombeni, mwenye nalo anyanyue mkono. Msione haya, mimi haya nimewamalizia.

Hakuna? Tizamaneni vizuri.

Naam, wewe mwenye mtandio wa kijani. Unalo. Halipo kabatini? Liko jikoni. Na nyumbani sasa hivi yuko nani?

Mkweo. Anapika.

Basi mwenyekiti, dakika zangu zimekwisha. Chai mtakunywa bila sisi. Nyanyuka, shoga, vaa viatu, unioneshe njia.